Aliwahesabu Waliokufa Kazini: Tunamkumbuka Crystal Eastman



Mfanyakazi akikatwa mkono na mashine, nani alipe? Leo swali hilo lina jibu katika vitabu vya sheria vya nchi zetu. Kenya ina sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya wanaoumia kazini, Tanzania ina sheria ya fidia ya mwaka 2008, na Uganda ina yake ya mwaka 2000. Kabla ya hizo kulikuwa na sheria nyingine za fidia zilizoanza wakati wa ukoloni. Kila siku tunapigania sheria hizi zitekelezwe, maana sheria kuandikwa ni jambo moja na mjane kupata haki yake ni jambo lingine. Lakini angalau tunapodai, tunadai kitu kilichoandikwa.

Haki hii haikushuka kama mvua. Ulikuwapo wakati, na si zamani sana, ambapo jibu la swali letu lilikuwa fupi: alipe aliyeumia. Akiwa amekufa, walipe mjane na watoto wake kwa njaa. Ilibidi watu wasimame katika nchi mbalimbali kulipindua jibu hilo. Ujerumani ilitunga sheria yake mwaka 1884 na Uingereza mwaka 1897. Marekani, nchi yenye viwanda vikubwa kupita zote, ilibaki nyuma.

Katika ukurasa huu tunamkumbuka mmoja wa waliolipindua jibu hilo huko Marekani. Hakuwa mfanyakazi wa kiwandani, wala hakuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Alikuwa mwanasheria kijana, mwanamke mrefu wa karibu futi 6, mwenye sauti ya kusikika na moyo usiotishika. Jina lake Crystal Eastman. Silaha yake ya kwanza ilikuwa hesabu.

BINTI WA WACHUNGAJI WAWILI

Crystal Eastman alizaliwa tarehe 25 Juni 1881 katika mji wa Marlborough, jimbo la Massachusetts, akakulia katika jimbo la New York. Wazazi wake wote wawili walikuwa wachungaji wa kanisa. Baba aliugua akashindwa kuendelea na kazi yake, ndipo mama, Annis Ford Eastman, akaubeba mzigo wa kuilisha nyumba. Mwaka 1889 mama huyo aliwekewa mikono kuwa mchungaji, cheo ambacho siku zile wanawake wachache mno wa Marekani walikuwa wamekipata. Crystal aliona kwa macho yake tangu mtoto kwamba mwanamke aweza kusimama mbele ya watu, akasema, na watu wakasikiliza.

Nyumbani kwao hapakuwa na kazi za wavulana na kazi za wasichana. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba kaka na mdogo wake walitandika vitanda vyao na kuosha vyombo kwa zamu kama yeye, na yeye alifanya kazi za nje kama wao. Alisimulia pia kwamba alipokuwa msichana alikataa kuogelea ziwani akiwa amevaa sketi na soksi ndefu, kama ilivyokuwa desturi ya wanawake wakati huo. Majirani walimwendea baba yake kulalamika. Baba hakufurahia, lakini hakumkataza, kwa kuwa yeye mwenyewe alipenda kuogelea na alijua angejisikiaje kama angevalishwa sketi majini.

Alisoma chuo cha Vassar akamaliza mwaka 1903, akapata shahada ya pili katika elimu ya jamii huko Columbia mwaka 1904, kisha akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha New York. Mwaka 1907 alihitimu akiwa wa pili katika darasa lake. Wakati huo mwanamke mwanasheria alikuwa kama kinyago cha kutazamwa.

Akiwa mwanafunzi hakujitenga katika mitaa ya matajiri. Siku hizo wasomi kadhaa wa New York walikwenda kuishi katika mitaa ya maskini na wahamiaji, katika nyumba za huduma kwa jamii, wakisaidia kufundisha, kutunza watoto na kusikiliza shida za watu. Crystal aliishi katika nyumba kama hiyo, Greenwich House, iliyofunguliwa mwaka 1902. Mchana alisoma sheria na jioni aliongoza michezo na burudani za vijana wa mtaani. Huko alijifunza jambo ambalo halimo katika vitabu vya sheria: kwamba familia ya mfanyakazi huishi ukingoni, na ajali moja yatosha kuisukuma ishuke korongoni.

MJI WA CHUMA NA MOSHI

Mwaka ule ule wa 1907, Paul Kellogg alikuwa akiandaa uchunguzi mkubwa wa maisha ya wafanyakazi katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Pittsburgh ilikuwa moyo wa chuma wa Marekani. Matanuri yake yaliwaka usiku na mchana. Wafanyakazi wengi wa vyuma walifanya kazi saa 12 kwa siku, wengine siku 7 kwa juma, na kila zamu zilipobadilishana walifanya zamu ndefu ya saa 24 mfululizo. Wengi wao walikuwa wahamiaji waliotoka Ulaya ya mashariki, wasiojua Kiingereza, wanaopewa amri kwa lugha wasiyoifahamu.

Kellogg alimwita Crystal Eastman aje kuchunguza ajali za kazini. Alikuwa na miaka 26. Baadhi ya watu wangemwandikia mwenye kiwanda barua ya kuomba maelezo, kisha wakanakili walichoambiwa. Yeye alianza mahali pengine. Alikwenda kwenye ofisi ya mchunguzi wa vifo ya wilaya ya Allegheny, ambamo Pittsburgh imo, akachukua kumbukumbu za kila mtu aliyekufa kazini kwa mwaka mmoja kamili, tangu tarehe 1 Julai 1906 hadi tarehe 30 Juni 1907. Halafu akachukua kumbukumbu za hospitali za waliojeruhiwa katika miezi mitatu. Yeye na wasaidizi wake wakaanza kuzifuata nyumba: kupanda ngazi, kubisha hodi, kukaa na wajane na kina mama wazee, kuuliza.

Marehemu alikuwa na umri gani? Alikuwa akipata mshahara kiasi gani? Ajali ilitokeaje, na nani aliiona? Ameacha watoto wangapi? Kampuni imetoa nini? Na sasa mnaishije?

Ndugu zetu, maswali hayo ni mepesi. Ajabu ni kwamba katika mji ule wote, wenye magazeti, mahakama, makanisa na mabenki, hakuna aliyekuwa ameyauliza kwa kila nyumba.

KALENDA YA VIFO

Hesabu ilipokamilika, waliokufa walikuwa 526. Katika mwaka mmoja, katika wilaya moja. Viwanda vya chuma peke yake viliua 195. Reli iliua zaidi ya 120 na migodi 71. Ni sawa na kuzika watu kumi kila juma mwaka mzima, wengi wao vijana wenye nguvu zao.

Eastman hakutaka tarakimu hizo zilale kabatini. Kazi yake ilionyeshwa kwa kalenda ya mwaka mzima, ambayo kila siku iliwekewa misalaba myekundu, msalaba mmoja kwa kila mfanyakazi aliyekufa siku hiyo. Asiyependa kusoma takwimu aliweza kuitazama tu kalenda ile na kuelewa. Picha za mpiga picha Lewis Hine zikaonyesha nyuso za wafanyakazi wenyewe na viungo walivyopoteza. Mwaka 1910 uchunguzi wake ulitoka kuwa kitabu kuhusu ajali za kazini na sheria, kimoja kati ya vitabu sita vya uchunguzi wa Pittsburgh.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pittsburgh ilikuwa na daftari la kila kilo ya chuma iliyotoka tanurini, na daftari la kila senti iliyoingia. Lakini uhai wa mfanyakazi haukuwa na daftari, kwa hiyo ulipotea bila habari. Crystal Eastman ndiye aliyefungua daftari hilo.

Ndani ya daftari kulikuwa na mambo mawili yaliyowachoma mabwana wenye viwanda.

La kwanza ni malipo. Eastman alionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za wafanyakazi wenye wake waliokufa ama hazikupata kitu kwa waajiri, ama zilipata si zaidi ya dola 100, fedha ambayo haikuzidi sana gharama za mazishi. Hasara yote ya mshahara uliokatika ilibaki begani mwa mjane. Watoto walitolewa shuleni wakapelekwa kufanya kazi. Wanawake walifua nguo za watu na kukodisha kitanda cha marehemu.

La pili ni lawama. Wasimamizi wa viwanda walizoea kusema kwamba karibu ajali zote hutokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Ni ule usemi wetu: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Eastman alikifuata kisa baada ya kisa na kukuta kwamba maneno hayo si kweli. Ajali nyingi zilitokana na mashine isiyo na kinga, mnyororo uliochakaa, taa iliyokosekana, au mwendo wa kazi uliokazwa kupita kiasi. Hata pale mfanyakazi alipoteleza kweli, aliuliza: huyu amesimama mbele ya moto saa ngapi? Amefundishwa na nani? Mtoto aliyewekwa kufungua milango mgodini, akichezacheza kama watoto wachezavyo, huo ni uzembe wa mtoto au wa aliyemweka pale? Mtu akifanya kazi ya hatari kila siku kwa miaka kumi, akaizoea hatari hata akaacha kuiogopa, je, si kazi yenyewe iliyomfundisha hivyo?

Maswali hayo yanatufaa hata sisi. Yaulizwe kando ya mashine ya korona katika shamba la mkonge, yaulizwe katika kiwanda cha chai na katika kinu cha miwa.

VISINGIZIO VITATU

Huenda msomaji anauliza: je, wajane hao hawakuweza kwenda mahakamani? Waliweza. Lakini mahakamani walikutana na ukuta wenye mawe matatu.

Jiwe la kwanza lilisema: mfanyakazi alipokubali kazi alizikubali na hatari zake. Kama aliona mkanda wa mashine hauna kinga na bado akaendelea kufanya kazi, basi ameridhia.

Jiwe la pili lilisema: kama ajali imesababishwa na mfanyakazi mwenzake, mwajiri hahusiki. Mwenye kreni akikosea akakuangushia chuma, kamdai mwenye kreni, ambaye ni fukara kama wewe. Mara nyingi hata msimamizi alihesabiwa kuwa mfanyakazi mwenza. Kanuni hii ilitolewa na mahakama ya Uingereza mwaka 1837, ikavuka bahari ikaota mizizi Marekani.

Jiwe la tatu lilisema: kama mfanyakazi mwenyewe amechangia japo kidogo katika kosa, hana dai lolote. Mwajiri akose sehemu tisa na mfanyakazi sehemu moja, mfanyakazi atoke mikono mitupu.

Zaidi ya hayo kesi zilichukua miaka, na mawakili walitaka sehemu yao. Mjane mwenye watoto wanne hana miaka ya kungoja. Akiletewa karatasi na dola chache, akaambiwa aweke alama ya kidole kwamba hatashitaki, ataweka. Katika reli nyingine kulikuwa na vyama vya kusaidiana vilivyoanzishwa na makampuni: mfanyakazi alikatwa mshahara wake kuvichangia, na siku alipoumia na kupokea msaada huo alihesabiwa kuwa ameachia haki yake ya kushitaki.

Hapo ndipo elimu ya sheria ya Crystal Eastman ilipofanya kazi. Aliona kwamba kuuliza nani ana kosa ndiko kulikowaponza wafanyakazi. Akasema kwamba kila kazi ina ajali zake kama ilivyo na gharama zake za makaa na mafuta. Mashine ikivunjika, mwenye kiwanda huilipia bila kuuliza kama mashine ilikuwa na uzembe. Basi mwili wa mfanyakazi ukivunjika, kiwanda kiulipie pia, na gharama hiyo iingie katika bei ya chuma. Akaongeza jambo lenye uzito zaidi: mwajiri akijua kuwa kila ajali itamtoa fedha, ataweka kinga katika mashine. Kwake, fidia ilikuwa dawa ya jeraha na pia kinga ya jeraha lijalo.

SHERIA YAPITA, SHERIA YAANGUKA

Mwaka 1909 Gavana Charles Evans Hughes wa New York aliunda tume ya kuchunguza ajali na wajibu wa waajiri. Ilikuwa na wajumbe 14. Crystal Eastman alikuwa katibu wake, na mwanamke pekee kati yao. Tume ilisikiliza waajiri, wafanyakazi na wanasheria. Baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa na shaka. Waliogopa kuiacha haki ya kushitaki na kupokea kiwango kilichopangwa na serikali. Shaka hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana hata leo viwango vya fidia vinapobaki chini huku bei zikipanda, mfanyakazi hupunjwa. Lakini hesabu ya Pittsburgh ilikuwa imekwisha sema: haki ya kushitaki ilikuwa haki ya karatasi tu.

Mwaka 1910 New York ikatunga sheria ya fidia ya lazima kwa kazi za hatari. Ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 1910. Kesho yake tu, tarehe 2 Septemba, mfanyakazi wa reli wa mji wa Buffalo, Earl Ives, aliumia kifundo cha mguu kazini. Alidai fidia ya majuma matano, dola 50. Kampuni ya reli ilikataa, ikaipeleka sheria yenyewe mahakamani.

Tarehe 24 Machi 1911 Mahakama ya Rufani ya New York iliitangua sheria. Majaji walisema kumlipisha mwajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake kinyume cha katiba. Kazi ya miaka minne ya Eastman na wenzake ilifutwa kwa ajili ya kifundo cha mguu na dola 50.

MLANGO ULIOFUNGWA

Kilichofuata kimeandikwa katika historia ya wafanyakazi wa dunia nzima. Siku moja tu baada ya hukumu ile, tarehe 25 Machi 1911, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, katika maghorofa ya juu ya jengo moja mjini New York. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, wengine wakijirusha kutoka madirishani mbele ya macho ya umati barabarani. Mwezi Desemba mwaka huo wenye kiwanda walishitakiwa, wakaachiwa huru.

Eastman aliandika mwaka ule kuhusu jinsi ya kuzuia ajali, na hasira yake haikujificha. Alisema kwamba mbele ya maiti za wasichana zilizolundikana nyuma ya mlango uliofungwa, hakuna anayetaka kusikia habari za michango ya rambirambi. Mtu hutaka mapinduzi yenyewe. Lakini hakuishia katika hasira. Alidai habari kamili za kila ajali, ukaguzi wenye meno unaoweza kumwadhibu mwenye kiwanda, na sheria inayofanya kila ajali iwe gharama kwa mwajiri.

Watu wa New York waliibadilisha katiba ya jimbo lao mwaka 1913 ili mahakama isipate tena njia ya kuipiga fidia. Sheria mpya ikaanza kutumika mwaka 1914, na mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ikakubali kwamba sheria hiyo ni halali. Majimbo mengine yalifuata moja baada ya jingine. La mwisho, Mississippi, lilitunga sheria yake mwaka 1948.

Kuna doa ambalo ndugu zetu wa mashambani lazima walijue. Katika majimbo mengi ya Marekani wafanyakazi wa mashamba na watumishi wa nyumbani waliachwa nje ya sheria hizo, na katika majimbo kadhaa wa mashambani hawajaingizwa kikamilifu hadi leo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mwaka 1921 kutaka fidia ya ajali iwafikie wafanyakazi wa kilimo pia. Kwa hiyo mkata mkonge, mchuma chai na mkata miwa wasikubali kuambiwa kwamba fidia ni ya watu wa kiwandani.

HAKUNYAMAZA

Maisha ya Crystal Eastman hayakuishia katika fidia. Alipoolewa mara ya kwanza mwaka 1911 alihamia jimbo la Wisconsin, na mwaka 1912 akaongoza huko kampeni ya kudai kura kwa wanawake. Walishindwa. Alirudi New York akaendelea. Ndoa ile ilipovunjika alikataa posho ya talaka, akisema kuipokea ni kukiri kwamba mwanamke hawezi kujitegemea.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuipinga. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, watu walitupwa gerezani kwa hotuba tu, wakiwamo viongozi wengi wa wafanyakazi. Yeye, Roger Baldwin na wenzao walianzisha ofisi ya kutetea waliokataa kubeba silaha na waliofungwa kwa maneno yao. Kutoka ofisi hiyo kilizaliwa mwaka 1920 chama kikubwa cha kutetea haki za raia wa Marekani, ambacho kingali hai. Mwaka 1918 yeye na mdogo wake Max walianzisha gazeti, The Liberator, lililoandika habari za migomo na mapinduzi.

Wanawake walipopata kura nchini mwao mwaka 1920, wengine walidhani kazi imekwisha. Yeye alisema sasa ndiyo inaanza. Alitaka mwanamke awe na kipato chake, wavulana wafundishwe kazi za nyumbani tangu wadogo, na mama anayelea watoto apewe posho kwa kazi hiyo. Aliunga mkono pendekezo la mwaka 1923 la kuandika usawa wa wanawake katika katiba. Hapo aligongana na wanawake wengi wa vyama vya wafanyakazi, ambao waliogopa kwamba usawa huo ungefuta sheria zilizokwisha patikana za kupunguza saa za kazi za wanawake. Jibu lake lilikuwa kwamba kinga ifuate hatari ya kazi, iwalinde wanaume na wanawake pamoja. Mabishano hayo yalikuwa ya watu waaminifu pande zote mbili, nasi hatudhani kuwa yamekwisha.

Kwa msimamo wake alilipa. Katika miaka ya 1920 milango ya ajira ilimfungia, kwa kuwa jina lake lilikuwa limetiwa katika orodha za watu wa hatari. Aliishi baina ya New York na London, akiandika na kulea watoto wawili. Mume wake wa pili, Walter Fuller, alifariki mwaka 1927. Yeye mwenyewe, ambaye afya yake haikuwa imara tangu utotoni, alikufa kwa ugonjwa wa figo mwezi Julai 1928, akiwa na miaka 47. Kwa muda mrefu alisahauliwa hata kwao. Mwaka 2000 jina lake liliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Heshima la Wanawake wa Marekani.

FUNZO KWA MATAWI YETU

Kwa nini tumeandika kirefu hivi habari za mwanamke wa mbali, aliyekufa zamani? Kwa sababu kazi aliyoianza Pittsburgh inaweza kufanywa na tawi lolote la chama chetu, hata tawi lenye wanachama thelathini, bila fedha na bila shahada.

Katika sehemu nyingi za kazi daftari la ajali liko ofisini kwa mwajiri tu. Anayeandika ni yule yule ambaye hataki ajali ionekane. Kibarua wa siku akiumia, hupelekwa nyumbani kimya kimya, na kesho mwingine amesimama mahali pake. Mpiga dawa shambani akianza kukohoa, huambiwa ana mafua. Mwisho wa mwaka ripoti husema ajali zilikuwa chache, na anayedai kinga ya mashine huulizwa ushahidi wake uko wapi.

Basi kila tawi liwe na daftari lake. Liandikwe jina la aliyeumia, siku na saa, mashine gani au dawa gani, alikuwa amefanya kazi saa ngapi, nani aliona, na kinga ilikuwapo au haikuwapo. Ukurasa wa pili uandikwe taarifa ilitolewa kwa nani na lini, maana sheria zetu zimeweka muda wa kutoa taarifa na kudai, na ukipita haki huweza kupotea. Ukurasa wa tatu uandikwe alicholipwa, na familia inaishije miezi sita baadaye. Mwanachama asiyejua kusoma asitie alama ya kidole kwenye karatasi yoyote ya mwajiri kabla ndugu wa tawi hawajamsomea.

Kazi ya kuzifuata nyumba tunawaomba hasa akina mama na vijana wa matawi waishike. Mjane hufunguka zaidi mbele ya mwanamke mwenzake kuliko mbele ya meza ya ofisi. Hivyo ndivyo kalenda ile ya misalaba myekundu ilivyopatikana: mlango kwa mlango, kwa watu walioketi wakasikiliza na kuandika.

Tawi likifika mbele ya mwajiri, au mbele ya mkaguzi wa kazi, au mahakamani, liwe limebeba daftari hilo mkononi. Malalamiko huweza kuitwa kelele. Majina, tarehe na idadi ya waliokufa ni vigumu kuviita hivyo.